Michael Faraday na Kipande cha Kioo

Mara nyingi watu wenye sifa kubwa husimuliwa kana kwamba kila walichokigusa kilifanikiwa. Mwezi huu twataka kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake wengi wenu mmelisikia shuleni, naye ni Michael Faraday wa Uingereza, aliyefariki mwaka wa 1867. Hatutaki kuyahesabu mambo yake yote, maana ni mengi mno. Twataka kufuata habari ya kipande kimoja cha kioo alichokitengeneza kwa jasho jingi, kikahesabiwa kuwa kazi bure, kikakaa bila sifa miaka kumi na mitano. Kwa kioo hicho alifunuliwa jambo ambalo hata leo mafundi hulitumia kupima nguvu za umeme na za sumaku mahali ambapo mtu hawezi kutia mkono wake.

Michael alizaliwa tarehe 22 Septemba mwaka wa 1791 katika mtaa wa Newington, kusini ya mto Thames, karibu na mji wa London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyetoka pande za kaskazini kuja kutafuta kazi, lakini hakuwa na afya, na siku nyingi nyundo yake ilikaa kimya. Mwaka wa 1801, vyakula vilipopanda bei sana, yasimuliwa ya kuwa mtoto huyu alipewa mkate mmoja umtoshe juma zima. Shule aliyoipata ilikuwa ya kusoma, kuandika na kuhesabu tu.

Wazazi wake walikuwa wa jamii ndogo ya Wakristo walioitwa Wasandemani, ambao chanzo chao kilikuwa kwa John Glas, mchungaji wa Skotlandi aliyetengana na kanisa la nchi yake. Watu hao hawakuwa na wachungaji wa kulipwa mshahara. Wazee wao wenyewe ndio waliohubiri na kuongoza. Tena waliona si vema Mkristo ajiwekee akiba ya mali. Neno hilo tulikumbuke, maana lilimwongoza Michael hata kufa kwake.

Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi alitiwa kazini kwa Bwana Riebau, muuza vitabu, awe mtumishi wa kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba. Mwaka wa 1805 akafanywa mwanafunzi wa kazi ya kujalidi vitabu kwa muda wa miaka saba, na bwana wake hakumtoza ada. Basi vitabu alivyopewa kuvishona mchana, alivisoma usiku. Katika kitabu kimoja kikubwa cha maarifa alikuta habari za umeme. Katika kitabu cha Bibi Jane Marcet alijifunza habari za asili ya vitu na jinsi vinavyochanganyika. Hakuridhika kusoma tu. Kwa senti zake chache alinunua chupa na vipande vya madini, akayajaribu aliyoyasoma, aone kama ni kweli.

Mwaka wa 1812 mteja mmoja wa dukani alimpatia nafasi ya kuyasikiliza masomo manne ya Sir Humphry Davy, mtaalamu mashuhuri, katika nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution. Kijana akaandika yote aliyoyasikia, akachora na picha za vyombo, akavijalidi vyote kuwa kitabu kwa mikono yake mwenyewe, akampelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi. Siku hizo nafasi haikuwapo. Lakini mwezi wa Machi mwaka wa 1813, msaidizi mmoja alipofukuzwa kwa ajili ya ugomvi, Davy akamkumbuka mjalidi yule. Akapewa kazi ya kuosha na kutayarisha vyombo, na vyumba viwili juu kabisa ya nyumba ile. Katika nyumba hiyo Faraday alifanya kazi kwa miaka zaidi ya arobaini.

Mwaka wa 1821 mambo mawili yalimpata. Mwezi wa Juni alimwoa Sarah Barnard, binti wa mzee wa kanisa lao, na mwezi uliofuata akakiri imani yake mbele ya ushirika. Tena mwezi wa Septemba, kwa waya, sumaku na zebaki, alifanya waya uzunguke sumaku pasipo kusukumwa na mtu. Mashine zote za umeme zinazozunguka, tangu feni hata zile za viwandani, zina babu yao katika chombo kile kidogo.

Sasa twafika kwenye kioo chetu. Katika mwaka wa 1825 wakubwa wa elimu wa Uingereza walitaka kioo bora cha darubini, kisicho na mawimbi wala mapovu ndani yake. Kazi hiyo akawekewa Faraday. Mwaka wa 1827 tanuru ikajengwa pale pale Royal Institution, akapewa msaidizi, Sajini Charles Anderson, askari aliyestaafu. Yasimuliwa ya kuwa jioni moja Faraday alimwambia Anderson aendelee kutia kuni mpaka atakapoambiwa aache. Kisha akasahau, akaenda zake kulala. Asubuhi alimkuta askari yule angali mbele ya tanuru, moto ukiwaka. Walichanganya risasi, asidi ya boriki na mchanga safi, wakayeyusha, wakapoza, wakavunja, wakaanza tena. Kazi hiyo iliendelea hata mwaka wa 1830. Kioo kilichopatikana kilikuwa kizito sana, chenye rangi ya manjano kidogo, lakini darubini iliyokusudiwa haikuleta faida iliyotazamiwa. Faraday alichoka nayo, akaomba aiache. Vipande vya kioo vikawekwa rafuni.

Hapo alipopata nafasi, tarehe 29 Agosti mwaka wa 1831, aligundua ya kuwa sumaku inayobadilika nguvu yake huamsha umeme katika waya ulio karibu. Jambo hilo ndilo linalotupa umeme wa mitambo yote ya maji na ya mvuke. Kisha akafuata swali jingine: je, nguvu ya umeme na ya sumaku hukaa ndani ya chuma na waya tu, au huenea katika nafasi iliyopo katikati? Alinyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi yenye sumaku chini yake, akauona unga ukijipanga kwa mistari. Mwaka wa 1836 akajenga chumba cha futi 12 kila upande, akakifunika kwa nyaya za shaba na karatasi ya bati, akaingia ndani na mshumaa na vyombo vyake vya kupimia, huku nje kimetiwa umeme mwingi hata cheche zikaruka. Ndani hakuona dalili yo yote ya umeme. Akajua ya kuwa umeme ulikaa nje, juu ya ngozi ya chumba. Nafasi ile inayojaa nguvu ndiyo ambayo wataalamu wa Kiswahili huiita uga: uga wa umeme, na uga wa sumaku.

Lakini mwili wake ulishindwa. Tangu mwisho wa mwaka wa 1839 alipatwa na kizunguzungu, na kumbukumbu yake ikapungua hata akaogopa. Mwaka wa 1841 alikwenda na mkewe Uswisi kupumzika. Alikuwa amefanywa mzee wa kanisa mwaka wa 1840. Lakini mwaka wa 1844 fitina juu ya utaratibu wa ushirika iliwagawa ndugu, na Faraday akawa miongoni mwa waliotengwa. Baada ya majuma machache alirudishwa, ila uzee hakurudishiwa hata mwaka wa 1860. Ninyi mnaojua ushirika ni kitu gani, mtafahamu jinsi majuma hayo yalivyokuwa mazito kwa mtu ambaye nje ya kanisa alisifiwa na wafalme. Hakuondoka kwenda kutafuta kanisa jingine. Alikaa katika kiti chake miongoni mwa watu walewale.

Ndipo mwezi wa Agosti mwaka wa 1845 barua ikamfikia kutoka kwa kijana wa miaka 21, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Kijana aliuliza kama umeme waweza kugusa nuru inayopita katika kitu kiangavu. Swali hili halikuwa geni kwa Faraday. Alikuwa amelijaribu mwaka wa 1822, akaona hapana. Tena mwaka wa 1833, akaona hapana. Majibu hayo yote mawili alikuwa ameyaandika katika daftari lake, kwa uangalifu uleule aliouandikia ushindi.

Ili tuelewe jaribio lenyewe, natufikiri juu ya kamba. Ukiifunga kamba kwenye mti na kuitikisa, mawimbi hupita. Waweza kuitikisa juu na chini, au kulia na kushoto. Ukiipitisha kamba kati ya fito mbili za ua zilizosimama, mtikiso wa juu na chini utapita, nao wa kulia na kushoto utazuiwa. Nuru nayo hutikisika, na nuru ya jua au ya taa hutikisika pande zote. Lakini ikiakisiwa na kioo kwa namna fulani, au ikipita katika mawe fulani maangavu, hubaki ile inayotikisika upande mmoja tu. Na ukiweka mbele ya jicho jiwe jingine la namna hiyo, ukaligeuza liwe kama fito zilizolala, taa itazimika machoni pako, ingawa yenyewe yawaka.

Basi Faraday aliweka taa, akaipanga nuru, akaizima kwa jiwe la pili, na katikati akaweka vitu viangavu, kimoja kimoja. Mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba alijaribu umeme: hapana. Tarehe 13 Septemba akageukia sumaku zenye nguvu za umeme. Hewa: hapana. Kioo cha kawaida: hapana. Mawe maangavu ya namna mbalimbali: hapana. Mwishowe akakitwaa rafuni kipande cha kioo kizito cha risasi, upana wake kama inchi mbili, unene wake nusu ya inchi. Masalio ya kazi ile iliyomchosha. Akaupitisha umeme katika nyaya za sumaku, na taa iliyozimika ikaonekana tena machoni pake. Akauzuia umeme, taa ikapotea. Akaurudisha, ikarudi.

Sumaku ilikuwa imeugeuza mtikiso wa nuru, kama mtu azungushaye kamba kidogo katika mkono wake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanadamu kuona ya kuwa nuru na sumaku zina undugu. Siku chache baadaye aliazima sumaku kubwa zaidi kutoka Woolwich, akaona vioo vingine navyo vyatii, ila kwa udhaifu. Kioo kile kizito ndicho kilichokuwa chepesi kusikia. Tena mwezi wa Novemba, kwa kipande cha kioo kizito kilichotundikwa kwa uzi kati ya ncha za sumaku, aligundua ya kuwa vitu vingi visivyo chuma navyo huguswa na sumaku, vikisukumwa mbali badala ya kuvutwa. Kama vipande vile vingalitupwa mwaka wa 1830, hatujui ni nani angaliyaona mambo haya, wala lini.

Aligundua pia kanuni mbili zilizo wazi. Sumaku ikiongezwa nguvu, nuru hugeuka zaidi. Na safari ya nuru ndani ya kioo ikirefushwa, hugeuka zaidi. Tena nuru ikirudishwa nyuma kwa kioo cha kujitazamia, mgeuko haufutiki, bali huongezeka maradufu. Neno hili la mwisho laonekana dogo, lakini twaomba mlikumbuke.

Na ule umeme uliokataa kujibu? Faraday hakukosea kuutazamia. Mwaka wa 1875 John Kerr, mwalimu wa Glasgow aliyekuwa amesomea uchungaji, aliona kwa umeme wenye nguvu zaidi ya kuwa nuru ndani ya kioo huguswa nao kweli. Mwaka wa 1893 Friedrich Pockels wa Ujerumani akaeleza jinsi fuwele fulani, yaani mawe maangavu yenye umbo lililopangika, zinavyoupokea umeme na kuibadili nuru kwa kipimo cha nguvu yake. Mwaka wa 1862, katika majaribio yake ya mwisho, Faraday alitafuta kama sumaku yaweza kubadili rangi za nuru ya moto, akaandika hapana. Mwaka wa 1896 Pieter Zeeman, huko Leiden, Uholanzi, akalijaribu tena kwa vyombo bora, akaona ndiyo. Hapana ya Faraday, kwa kuwa iliandikwa kwa kweli, ilikuwa kama alama ya njia kwa waliokuja nyuma.

Sasa twaje kwenye faida yake ya leo. Mwaka wa 1966 Charles Kao alionyesha ya kuwa kioo kikisafishwa vya kutosha, uzi wake waweza kuchukua nuru umbali wa kilomita nyingi. Na mwaka wa 1970 mafundi wa Marekani wakaufanya uzi wa namna hiyo. Ni mwembamba kama unywele. Nyuzi hizo ndizo zilizofikishwa Mombasa na Dar es Salaam chini ya bahari mwaka wa 2009 ili kuchukua habari. Lakini uzi wa kioo ni kioo, nao hutii sumaku kama kioo cha Faraday. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 wataalamu walianza kuuzungusha uzi huo kuzunguka waya mnene wa umeme. Umeme ukipita, huzungukwa na uga wa sumaku. Uga huo huugeuza mtikiso wa nuru iliyo ndani ya uzi. Na mwishoni, mbali na hatari, chombo hupima nuru imegeuka kiasi gani. Kwa mgeuko huo fundi hujua umeme ni mwingi kiasi gani.

Kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu katika vituo vya kupozea umeme, nguvu yaweza kuwa volti laki kadhaa. Chombo cha zamani cha kupimia hufanywa kwa chuma na nyaya za shaba, nacho hutaka kukingwa kwa vigae vikubwa na mafuta mengi, na kikiharibika chaweza kupasuka na kuwaka. Tena umeme ukizidi ghafula, chuma hushiba sumaku, kisiseme kweli tena. Uzi wa kioo haupitishi umeme, hauna mafuta, wala haushibi hivyo. Katika viwanda vya kuyeyushia alumini, ambako umeme wafika ampea laki kadhaa, uzi huo huzungushwa tu kulizunguka pao linalopitisha umeme. Nao ukizunguka mviringo kamili, haudhuru waya umekaa kati au kando. Hupimwa umeme ule tu uliozungukwa. Na kwa uga wa umeme wenyewe, kipande kidogo cha fuwele huwekwa mwishoni mwa uzi. Kwa kuwa hakina madini ya kupitisha umeme, hakiuvurugi sana uga kinaoupima.

Hata hivyo kazi hiyo ina taabu zake. Kioo cha nyuzi ni kigumu kusikia kuliko kioo cha risasi cha Faraday, ndiyo sababu uzi huzungushwa mara nyingi. Tena uzi ukipindwa, ukitikiswa au ukipata joto, nuru husumbuka, na chombo chaweza kusema uongo. Mafundi wengi huitumia ile kanuni tuliyowaomba mwikumbuke: huirudisha nuru nyuma kwa kioo kilichowekwa mwishoni, hata mgeuko wa sumaku ukawa maradufu, huku sehemu kubwa ya masumbuko mengine ikijifuta yenyewe.

Faraday hakuyaona hayo. Alikuwa ameacha kazi za kuwashauri wenye viwanda, zilizoweza kumtajirisha. Alikataa cheo cha Sir, akakataa kuwa mkuu wa Royal Society. Serikali ilipotaka shauri lake juu ya hewa ya sumu kwa vita vya Krimea, hakukubali kuishiriki kazi hiyo. Siku za Krismasi aliwafundisha watoto, na kwa miaka mingi alizishughulikia taa za minara ya kuongoza merikebu. Akili yake ilipozidi kufifia aliachia kazi zake moja moja, na tarehe 25 Agosti mwaka wa 1867 alikufa akiwa ameketi kitini pake huko Hampton Court. Akazikwa Highgate, kwa maziko ya watu wa kanisa lake, bila fahari.

Daftari lake la majaribio lina vifungu zaidi ya elfu kumi na sita alivyovitia hesabu mwenyewe. Ndani yake hapana ni nyingi. Kati yetu wako waalimu waliofundisha darasa miaka mingi wasione tunda, na wazazi waliofanya kazi isiyosifiwa na mtu. Hatuwaambii ya kuwa kila kipande kilicho rafuni kitang'aa siku moja; Faraday mwenyewe hakujua kipi kitang'aa. Tulilojifunza kwake ni kuifanya kazi vema hata ile inayochosha, kuandika kweli yote, na kutokitupa kilichofanywa kwa uaminifu. Kioo kile kizito kimehifadhiwa London, katika nyumba ile ile alimoingia kuosha chupa.